Magunia yaliyorudishwa: kisa cha mkaa wa vifuu uliouzwa kama kaboni ya filta

Niseme mapema ili tusizungushane, vifuu havikuwa na kosa. Kifuu cha nazi ni moja ya malighafi bora kabisa za kutengenezea kaboni ya kuchujia maji, viwanda vya Sri Lanka, India, Ufilipino na Indonesia vinaendesha maisha kwa kifuu hiki hiki ambacho sisi huku pwani tunakitupa au tunawashia jiko, na kampuni kama Haycarb ya Sri Lanka iko kwenye hiyo kazi tangu mwaka 1973. Kwa hiyo waliosema juu ya kikundi cha Kisiju kilichojaribu biashara hii kikashindwa kwamba "hawa walitaka makubwa kuliko uwezo wao" mimi nawapinga kidogo, wazo lilikuwa na kichwa na miguu, tatizo lilikuwa katikati.

Kisa chenyewe kiko hivi. Kikundi cha kina mama na vijana upande wa Kisiju, wilaya ya Mkuranga, walichukua mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, wakanunua mapipa ya lita 200, machekeche ya waya na mashine ndogo ya kusagia, wakaanza kuchoma vifuu. Malighafi wanayo, maana kule watu wanakuna nazi na kukamua mafuta, vifuu vinarundikana nyuma ya nyumba mpaka mvua ikinyesha vinajaa maji na mbu wanazaliana humo, ukienda kumwambia mwenye navyo kwamba unavitaka anakushukuru. Mwezeshaji mmoja wa semina akawaambia mkaa wa vifuu ukisagwa na kuchekechwa vizuri unakuwa kaboni ya filta, ile ile inayotoka nje, na kwamba kilo yake inauzwa mara kadhaa ya kilo ya mkaa wa kupikia. La bei ni kweli. La kusaga na kuchekecha ndilo limewaponza.

Mteja wakampata, kiwanda kidogo cha maji ya chupa, jina nalihifadhi. Namna walivyomshawishi ilikuwa ya kuvutia kweli, walichukua chupa ya lita moja na nusu wakaikata kitako, wakatia pamba shingoni, juu yake mkaa uliosagwa, wakamimina maji ya bomba yenye harufu kali ya dawa na yakatoka chini hayana harufu kabisa. Mteja akanusa, akaonja, akaagiza magunia na kutoa malipo ya nusu. Akajaza tangi lake la kwanza. Kabla mwezi haujaisha magunia yaliyobaki yakarudishwa kwa Canter, na ujumbe mkali juu yake: maji yanaonja moshi, klorini inapita, na cha ajabu zaidi mita ya TDS, ile ya kupima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, inasoma juu BAADA ya filta kuliko kabla ya filta.

Kazi yangu mimi ni mitambo ya kuchuja maji, nafunga na kufanya sevisi, mteja ananifahamu na mama mwenyekiti wa kikundi ananifahamu, kwa hiyo nikaitwa kuwa mwamuzi. Mteja anasema ametapeliwa, kikundi kinasema huyu anatafuta pa kutokea asilipe salio. Wote walikuwa na hasira na wote walikuwa na haki kiasi fulani.

Kwanza tuelewe hasira ya mteja. Kwenye mtambo wa kiwanda kidogo cha maji, tangi la kaboni halipo pale kwa ajili ya ladha tu, kazi yake kubwa ni kuondoa klorini kabla maji hayajafika kwenye membreni za osmosisi, zile ngozi nyembamba zinazopitisha maji na kuzuia chumvi. Membreni hizo safu yake ya juu ni poliamaidi, aina ya plastiki, na klorini inaila. Haionekani siku ya kwanza wala ya tatu, ila ikishaliwa imeliwa, chumvi inaanza kupita na hakuna dawa zaidi ya kununua membreni mpya. Kwa hiyo mtu akikuuzia kaboni feki hajakuharibia kaboni tu, amekuharibia kitu cha mbele yake ambacho ni ghali mara nyingi zaidi. Jamaa alikuwa anapima klorini kila asubuhi kwa vile vitone vinavyogeuza maji kuwa ya njano, ndiyo maana aliwahi kufunga, angekuwa mzembe tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Nikaenda Kisiju. Baada ya shikamoo na marahaba na chai, mama mwenyekiti akanifungulia daftari. "Ona mwanangu, kule semina walituambia kilo 100 za vifuu zinatoa kilo 30 za mkaa, sisi hapa tunatoa 38, siku nyingine 40." Alisema kwa fahari kabisa, na mimi hapo hapo nikajua pa kuanzia.

Kifuu kikavu kikichomwa sawasawa bila hewa kinabakiza kama asilimia 25 mpaka 30 ya uzito wake. Vingine vyote vinaondoka, maji kwanza, halafu kati ya nyuzi joto 250 na 400 hivi ile miti-miti yenyewe inavunjika na kutoka kama gesi, siki ya moshi na lami. Ukitaka mkaa ulioiva inabidi pipa lifike 500 kwenda 600 mwishoni. Ukipata 40 maana yake hukuiva, zile kilo za ziada ni lami iliyokwama ndani, na lami hiyo ndiyo iliyokuwa inatoka kidogo kidogo kwenye maji ya mteja na kuonja moshi.

Nikachukua kipande gunia la kwanza nikakidondosha kwenye sakafu ya saruji. Mkaa wa kifuu ulioiva unalia mlio mkali wa chuma, na ukiuvunja ule mvunjiko unang'aa mweusi kabisa. Huu ukatoa "pu" na ndani ulikuwa na ukahawia. Nikausugua kiganjani na kwenda bombani, mkaa ulioiva unatoka kwa maji matupu, huu ukabaki mafuta-mafuta mpaka nikaomba sabuni. Tukaweka kipande juu ya jiko, ukawaka moto wa njano na moshi mzito. Kwa mkaa wa kupikia hilo ni kero ya macho tu, kwa kitu kinachoenda kukaa ndani ya maji ya kunywa ni basi.

Kwa nini walifunga pipa mapema? Hapa naomba msiwalaumu haraka. Pipa linaongea kwa moshi wake: unaanza mweupe mzito, huo ni maji, unakuja wa njano-njano unaochoma macho, hiyo ndiyo lami inatoka, halafu unapungua unakuwa wa bluu mwembamba, na ukikaribia kutoonekana kabisa ndipo unafunika na kuziba kwa udongo. Wao walikuwa wanafunika kwenye njano. Nikauliza vijana mbona, wakasema ukisubiri unapoteza uzito. Na wao walikuwa wanalipwa kwa kilo zinazotoka pipani! Sasa mtu analipwa kwa kilo, unamwambia asubiri kilo zipungue, nani atakubali? Kosa la kwanza la kisa hiki halikuwa la kemia hata kidogo, lilikuwa kwenye namna ya kulipana.

Tukaja kwenye ile ya TDS, ambayo mimi ndiyo ilinikosesha usingizi kuliko zote maana filta inayoongeza chumvi kwenye maji ni kioja. Jibu lilikuwa kisimani. Kisiju iko baharini, visima vingi vya karibu na ufukwe vina uchumvi-chumvi, na vijana walikuwa wanazima mkaa kwa kuumwagia ndoo za maji ya kisima ili wapakue haraka na kujaza pipa tena. Mkaa wa moto unakunywa maji yale, maji yanakauka, chumvi inabaki humo humo. Tukafanya kitu rahisi, konzi ya mkaa wa gunia kwenye maji ya chupa, tikisa, acha itulie, pima: mita ikaruka kutoka chini ya 50 mpaka mamia. Konzi nyingine ya mkaa uliozimwa kwa kufunikwa tu, yaani kunyimwa hewa, ikapanda pia lakini kidogo sana. Hiyo kidogo inatoka kwenye majivu, majivu ya vifuu yana potashi nyingi ndiyo maana karatasi ya kupimia pH iligeuka bluu na maji yale ukiyashika yanateleza. Potashi unaweza kuiosha kwa maji safi ikapungua ikaisha. Ila kuzima kwa maji ya chumvi halafu kuosha tena kwa maji ya chumvi, hapo unazunguka tu.

Mpaka hapo kikundi kilikuwa kimepata matumaini, wakasema basi tutaivisha vizuri, tutazima kwa mfuniko, tutaosha, mteja atarudi. Hapana. Hata wangefanya yote hayo bado isingekuwa kaboni ya filta, na hapa ndipo kiini cha kisa kilipo.

Mkaa na kaboni ya filta vinatoka kwenye kifuu kimoja lakini vimetenganishwa na moto wa pili. Moto wa kwanza unaondoa kila kisicho kaboni na kukuachia kitu kigumu, ambacho vitundu vyake vingi vimeziba au ni vyembamba mno. Moto wa pili, nyuzi 800 mpaka 1000, unapitishiwa mvuke wa maji, na mvuke ule kwenye joto hilo unaishambulia kaboni yenyewe, unaila punje kwa punje na kuigeuza gesi, kaboni monoksaidi na haidrojeni, na kila inapoliwa panabaki kitundu. Ni vitundu vidogo kiasi kwamba vingi kwenye kifuu viko chini ya nanomita 2, na ni vingi kiasi kwamba gramu moja ya kaboni nzuri ina kuta za ndani zenye eneo la kama mita za mraba 1000. Kijiko kimoja cha mezani, gramu saba hivi, ukizitandaza kuta zake zote unapata uwanja mzima wa mpira. Huo uwanja ndio mteja analipia, siyo weusi wala ukubwa wa punje. Na hakuna namna ya kuupata kwa kusaga, ukisaga unapata punje ndogo za mkaa ule ule.

Kusema hivyo kwa maneno kulikuwa hakutoshi, mwenyekiti aliniangalia kama natetea mteja. Tukaenda sekondari ya jirani, mwalimu wa kemia akatufungulia maabara jioni, kwa sababu kipimo kinachotumika duniani kote kwa kazi hii ni kuona kaboni inameza iodini kiasi gani, maana vitundu ndivyo vinavyoimeza, na vifaa vyake shule inavyo: iodini, sodiamu thaiosalfeti, wanga na bureti. Unachukua gramu moja ya mkaa mkavu uliosagwa unga, unauchemsha kidogo na asidi ya haidrokloriki hafifu kuondoa majivu, unatia mililita 100 za maji ya iodini yenye kahawia nzito, unatikisa nusu dakika, unachuja kwa karatasi. Tulipima mbili sambamba, kaboni kutoka gunia la nje ambalo mteja alikuwa akitumia zamani, na ya kikundi. Ile ya nje ilitoka kwenye karatasi njano hafifu, iodini karibu yote imebaki ndani ya kaboni. Ya kikundi ikatoka kahawia ile ile iliyoingia. Vijana waliokuwa wameegemea meza hawakusubiri hesabu, mmoja akasema tu "aisee" na kutoka nje. Mwalimu akamalizia titresheni, tone kwa tone mpaka bluu ya wanga ikakatika: ya nje ilimeza karibu miligramu 1000 za iodini kwa gramu, na kwa maji ya kunywa watu wanataka 900 mpaka 1100. Ya kikundi haikufika 200.

Sasa mtu atauliza, na mwenyekiti aliuliza kwa sauti, mbona kwenye chupa ilifanya kazi? Swali la haki kabisa. Klorini haihitaji vitundu vingi, inapogusa uso wa kaboni inamenyuka pale pale na kuisha, kwa hiyo hata mkaa wa kawaida ukiwa mpya unaondoa harufu kwenye lita moja inayopita polepole. Tangi la mteja ni lile la faiba la inchi 10 kwa 54, linameza lita 40 na kitu za kaboni, na maji yanapita lita 1000 kwa saa, yaani kila tone linakaa humo dakika mbili na nusu tu, siku nzima, kila siku. Uso mdogo wa mkaa ukichoka umechoka. Chupa ilionyesha kitu cha kweli ila ilijibu swali lisiloulizwa. (Na kwa wapenda historia, klorini hii hii ndiyo iliyoleta umaarufu wa kaboni ya vifuu: Wajerumani waliifungulia Ypres tarehe 22 Aprili 1915, na kufika 1918 Wamarekani walikuwa wanaomba wananchi wawakusanyie kokwa za pichi na matunda mengine pamoja na maganda ya njugu ili kupata kaboni ya barakoa za gesi, maana vifuu vilikuwa havitoshi.)

Vijana hawakukata tamaa, na nawapongeza. Mmoja aliyeona video alitaka tuloweke mkaa kwenye maji ya ndimu. Video hizo ziko nyingi na hazina maana, ndimu inaosha majivu kidogo basi, joto la kuchimba vitundu litoke wapi? Mwingine akauliza la asidi ya fosforiki, na hilo ni jambo la kweli, kuna viwanda vinaloweka malighafi kwenye asidi hiyo na kuichoma kwenye nyuzi 450 hadi 500 tu bila mvuke. Lakini asidi inanunuliwa, lazima uirudishe ili hesabu itoke, na kuosha mpaka iishe kunataka maji safi mengi, na sisi tuko mahali ambapo maji safi ndiyo shida yenyewe. Hilo tukalifunga.

Tukabaki na mvuke, na tukaujaribu kwa mhunzi. Hapa nitaeleza kwa kirefu kwa sababu kuna mtu atasoma atataka kujaribu na kuna vitu vinaua.

Bomba la maji la kawaida, lile jeupe-jeupe, usilitumie. Limepakwa zinki, na kwenye joto hilo zinki inatoka kama moshi, ukiuvuta usiku unatetemeka homa mpaka asubuhi. Tulitumia bomba jeusi nene, fundi wa kuchomelea akaziba upande mmoja na kuingiza kijibomba chembamba cha mvuke kutoka kwenye sufuria ya presha, upande wa pili tundu dogo la kutokea gesi. Ndani tuliweka mkaa wa kikundi, ila ule tuliourudia kuuchoma mpaka ukalia vizuri. Mhunzi akawasha feni yake. Joto hatukuwa na kipima, tulitumia macho ya mhunzi, na huyu mzee macho yake siyo ya mchezo: wekundu wa giza bado, wekundu wa cheri bado kidogo, ikianza kuelekea rangi ya chungwa ndipo akanyoosha kidole na tukafungua mvuke. Gesi inayotoka tunduni tuliiwasha kwa kijinga na ikawaka mwali wa bluu, na iwashwe kweli, maana kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi na ukiwa ndani ya banda lililofungwa hutajua umekufa saa ngapi. Fanya nje, simama upande upepo unakotoka.

Namna ya kujua kama kazi imefanyika ni mizani. Mvuke unakula kaboni, kwa hiyo kama uzito haujapungua hakuna kilichotokea, umepasha mkaa moto tu. Wetu uliingia gramu 600, ukatoka kama 350. Tukarudi maabara, iodini ikasoma 600 na ushee. Mara tatu ya mwanzo! Vijana wakapiga makofi, mwalimu naye akapiga makofi, na kisayansi walistahili.

Lakini mimi nilikuwa naangalia vitu viwili vingine. Bomba letu lilishaanza kubanduka magamba, chuma cha kawaida kwenye nyuzi 900 na mvuke juu yake kinaoza unakiona, viwanda vinatumia matanuri ya matofali ya moto au chuma maalum. Na mkaa aliouchoma mhunzi ili kupata ile konzi ulikuwa mwingi kuliko konzi yenyewe mara nyingi. Viwanda vikubwa vinakwepa hili kwa sababu ile gesi inayotoka wanairudisha kuwaka na kulipasha tanuri lenyewe, ukishakuwa mkubwa joto linajilipa, ukiwa na bomba moja kwa mhunzi joto lote linapasha anga la Kisiju.

Na hesabu ya vifuu nayo inatisha. Tani moja ya mkaa inataka vifuu vya nazi kama 20,000 mpaka 25,000. Tani moja ya kaboni nzuri inakula kama tani tatu za mkaa. Zidisha mwenyewe. Upande wa soko pia, tangi la mteja linaingia kilo 20 hivi na anabadilisha baada ya miezi sita mpaka mwaka, yaani mwezeshaji aliyewaambia "viwanda vya maji ni vingi Dar" hakuwaambia kwamba kila kimoja kinanunua gunia na kutokomea. Hapo ndipo nilipomwona mwenyekiti ananyamaza kwa mara ya kwanza, akafunga daftari na kusema, "Kwa hiyo sisi tuna mkaa." Ndiyo mama, mna mkaa, na kwa malighafi hii mnaweza kuwa na mkaa mzuri sana.

Kuna kijana alileta na habari za betri, kwamba vifuu vinatengeneza kaboni ngumu ya betri za sodiamu. Ni kweli tupu, Kuraray ya Japani wanatengeneza kaboni ya aina hiyo kutoka kwenye mimea, na CATL ya China ilitangaza betri yake ya kwanza ya sodiamu Julai 2021. Ila kaboni hiyo inaokwa bila hewa kwenye nyuzi 1000 mpaka 1500 na usafi wake unapimwa kwa vipimo ambavyo sisi na mita yetu ya TDS tusiviguse. Nilimwambia asome kemia, aende chuo, suala hilo ni la miaka na siyo la mkopo wa halmashauri.

Uamuzi wa mgogoro ulikuwa hivi, na wote walisaini. Mteja akarudishiwa nusu ya malipo yake ya awali kwa awamu, nusu nyingine akaisamehe kwa sababu na yeye alinunua bila kuomba cheti wala kupima, mtu wa kiwanda cha maji hununui kaboni kwa kunusa chupa. Afisa maendeleo ya jamii akapelekewa mpango mpya wa biashara na marejesho yakasogezwa.

Mpango mpya ni mkaa wa kuchomea nyama na mkaa wa kupikia, unaouzwa kwa jina lake. Malipo ya vijana yamebadilishwa, hawalipwi tena kwa kilo bali kwa gunia lililopita mtihani, mama mmoja anachomoa vipande kutoka sehemu tofauti za gunia na kuvidondosha kwenye saruji, kikisema "pu" gunia linarudi pipani na siku hiyo haihesabiwi. Kiasi kinachotoka kimeshuka kuwa 28, 29, na malalamiko ya moshi kutoka kwa wachoma nyama yameisha. Kuzima ni kwa mfuniko na udongo tu, usiku kucha, ndoo zimepigwa marufuku. Chenga zinazobaki kwenye chekeche zinachanganywa na uji wa muhogo na kufinyangwa kuwa mkaa wa duara.

Chenga nyingine zinaenda kwenye bustani za mchicha na bamia, na hapo kuna faida ambayo hakuna aliyeipangia, maana ardhi ya kule ni mchanga mtupu, maji na samadi vinapita moja kwa moja chini, mkaa unashika. Masharti ni mawili: chenga zilale kwanza na samadi wiki kadhaa, ukizitia kavu zinanyonya mbolea na mchicha unageuka njano, na zisitoke kwenye yale magunia ya zamani. Magunia yaliyorudishwa yamejaa chumvi na lami, hayo yamerudiwa kuchomwa na kuuzwa kama kuni za bei ya chini kwa watu wa matofali, shambani hayaingii.

Bado kuna kitu kimoja hakijakaa sawa, nacho ni moshi wa mapipa yenyewe. Watu wanapenda kuita hii kazi "endelevu" kwa sababu hakuna mti uliokatwa, na mimi nakubali hapo tu, kwani moshi ule wa njano una metheni, na metheni inapasha dunia kama mara 27 ya kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100, ukiachilia mbali vifua vya wanaochoma. Jirani wa upande wa kusi ameshaenda serikali ya mtaa mara kadhaa, na simlaumu. Dawa inajulikana, ni kuuunguza moshi badala ya kuuachia: ama tanuri la wazi la umbo la koni kama lile la Kon-Tiki lililobuniwa Uswisi mwaka 2014, ambapo mwali wa juu unakula gesi zinazopanda, ama pipa ndani ya pipa ambapo gesi inarudishwa chini kuwaka. Fundi wa kuchomelea ameanza kulikata la pili, mapipa mawili yaliyotoboka yamepata kazi. La kwanza walilijaribu na mkaa ulitoka safi, ila linataka kuzimwa kwa maji au mchanga, na kwa maji tumeshaona tulikofika.